Jina Lake la Machimboni

Kwa Mama Nelly, pale Katoro nyuma ya soko, hapakukosekana mtu. Kibao cha mlangoni kiliandikwa studio ya picha na video, lakini studio yenyewe ilikuwa meza moja ya kompyuta iliyosukumwa kwenye kona ya sebule. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa ya watu. Anayetoka kusaga mahindi anapita. Anayetoka kuuza vitenge anapita. Agnetha, fundi cherehani, alishaihamishia cherehani yake kibarazani hapo siku nyingi, na kutoka pale aliona nani kapanda bodaboda ya nani na kaelekea wapi. Mama Nelly mwenyewe, jina lake la ubatizo Paskazia, hakuwahi kufanya kazi kimya. Mkono kwenye mausi, sikio kibarazani. Harusi nyingi za Katoro zilikatwa na kuungwa namna hiyo, katikati ya habari za ndoa ambazo tayari zilikuwa zimevunjika.

Kwa hiyo asubuhi ile Nasibu alipoingia na wageni wawili, hakuna aliyeshtuka. Viti vilisogezwa, chai ikamiminwa. Waliofuatwa na macho ni wale wageni. Mmoja alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya pama na fimbo, wa pili mama wa makamo, mkavu, aliyekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Hakuvaa nguo ya msiba, wala hakuvaa kama mtu aliyekuja kutembea.

"Mwangaluka, mayu," Agnetha alimwamkia Kisukuma kutoka kibarazani.

Yule mama aliitika kwa sauti ya chini. Mama Nelly akawapa shikamoo wote wawili, akasubiri. Kwa mara ya kwanza hakujua aanzie wapi maneno.

Nasibu ndiye aliyesema. Yeye alikuwa mchimbaji, na mvua za masika zilipoangusha duara, shimo la dhahabu walilokuwa wakichimba, alikuwa juu ameshika kamba. Walioweza kutolewa walitolewa, wengine wazima, wengine la. Mmoja hakufikiwa. Udongo uliendelea kushuka kila walipoutoa, mpaka wakubwa wa eneo wakaamuru kazi isimame na shimo lizungushiwe uzio. Huyo mmoja ndiye Davis. Wote barazani walimkumbuka Davis, mcheshi, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni, jua liwake lisiwake.

Basi, Nasibu aliendelea, Davis aliwahi kumdokeza kwamba kwao ni upande wa Shinyanga, kijiji fulani. Yeye akampa ujumbe kondakta wa basi: kijana wa huko kwenu amefukiwa Katoro. Ujumbe ukapita mdomo hadi mdomo, ukafika bila jina. Na huyu mama, Mama Masalu, Zipora, alikuwa na mtoto aliyekwenda machimboni akiwa bado hajaota ndevu na hakurudi. Alikuja na shemeji yake, Mzee Ngassa, mdogo wa marehemu mume wake, kuangalia kama huyo Davis ndiye Masalu wao.

"Picha yake hakuna aliye nayo," Nasibu alisema. "Simu yake alishuka nayo. Ninayo moja kwenye yangu, lakini ni matope na kofia. Nikakumbuka harusi ya Gregory, Mama Nelly. Wewe ulimpiga video pale. Siku ile tulimlazimisha avue kofia."

Mama Nelly aliweka kikombe cha chai chini. Aliitazama kompyuta yake kwenye kona, kioo chake kikiwaka bluu kwa upole kama hakina kosa.

Ile kompyuta ilikuwa inachechemea tangu juma lililotangulia, na aliyeivunja mguu ni yeye mwenyewe. Muda mrefu ilikuwa ikimwandikia kwamba Windows yake imezeeka na haitatunzwa tena, apandishe mpya. Alikuwa akiyafunga maandishi hayo kama anavyopunga nzi. Mpaka siku moja baraza limejaa, mtu akayasoma kwa sauti, na kila mmoja akawa na la kusema. Yupo aliyesema simu yake ilipoapdetiwa ikawa nyepesi kama imetoka dukani. Yupo aliyesema asipopandisha, wezi wa mtandaoni watamwingilia. Agnetha alisema cherehani yake haijapandishwa kitu tangu aolewe na bado inashona. Watu wakacheka, Mama Nelly naye akacheka, na katika kucheka huko akabonyeza kukubali.

Kompyuta ilizima na kuwaka, ikazima na kuwaka. Ilipotulia, herufi zilikuwa kubwa kama za bango la mkutano wa injili, na nyuso za watu kwenye picha zimetanuka utadhani zimekaliwa. Programu yake ya kuhariri, ile inayompa chakula, ikagoma kufunguka. Iliandika kwamba haioni kadi ya picha. Kadi ipo ndani, feni yake inazunguka, anaisikia. Programu inasema haioni.

Alimwita Deusdedit, fundi kompyuta kutoka Geita mjini, kijana mpole asiyependa kelele, jambo ambalo pale kwa Mama Nelly lilimtesa sana. Deusdedit alieleza kwamba kadi haifanyi kazi bila draiva, kile kiprogramu kinachoifundisha kompyuta namna ya kusemezana na kadi yake. Kupandisha Windows kumeifuta draiva ya zamani, basi itafutwe mpya inayolingana na jina la kadi. Alisoma jina kwenye boksi lake, ambalo Mama Nelly alilitunza juu ya kabati kwa sababu lilikuwa zuri. Akadaunlodi. Draiva ikakagua, ikajibu kwamba kompyuta hii haina kadi ya aina hiyo. Akashusha nyingine ya jina lilelile, ya zamani kidogo. Jibu likawa lile lile.

Akasema basi warudi kwenye Windows ya mwanzo. Hapo Mama Nelly akakohoa. Mafaili ya Windows ya mwanzo alikwishayafuta, yalikuwa yamejaza nafasi na yeye alikuwa na harusi za Jumamosi za kupakia. Alidhani ni takataka.

Hayo yote hakuwaambia wageni. Aliwaambia tu kwamba mashine inaumwa, lakini atawaonyesha kilichopo.

Video yenyewe, ile ghafi iliyotoka kwenye kamera, ilifunguka. Tatizo ni kwamba mahali pekee Davis alipotokea palikuwa giza. Siku ya harusi ya Gregory umeme ulikatika katikati ya sherehe, jenereta nalo likaishiwa mafuta, ukumbi ukabaki na mwanga wa simu mbili tatu. Watu walianza kuinuka waende zao, na hapo ndipo Davis aliposimama. Kwenye kioo cha Mama Nelly kulikuwa na weusi, doa la mwanga likicheza kama kimulimuli, na sauti ya mwanaume.

"Kaeni, jamani, kaeni. Giza lisiwafukuze. Sisi wenzenu hiyo ndiyo ofisi yetu."

Kicheko cha ukumbi mzima kilisikika. Kisha sauti ikaendelea, imepoa kidogo.

"Nyumbani kwetu yuko mama anaimba kuliko hii spika iliyokufa. Nikijaliwa, harusi yangu mimi ataimba yeye. Na umeme ukatike tu."

Nasibu alikuwa anatazama sakafu. Zipora aliomba irudiwe, ikarudiwa. Akaomba tena.

"Aliondoka na sauti nyembamba," alisema mwishowe. "Hii ni ya mwanaume mzima. Siijui."

Mzee Ngassa alisema mama anayeimba si alama. Nani hapa mama yake haimbi? Mama Nelly akamuuliza Zipora kwa upole kama yeye huimba. Alijibu kwamba aliwahi.

Giza lile Mama Nelly aliwahi kulisafisha. Enzi hizo alikaa na kipande hicho kwenye programu, anainua mwanga hapa, anaushusha pale, mpaka nyuso zikaanza kutokea moja moja kama watu wanaokaribia nyumba wakitokea porini. Lakini filamu iliyokamilika alimkabidhi bibi harusi kwenye flashi, na ndoa ile haikumaliza hata mavuno mawili. Bibi harusi alikwenda Mwanza na flashi yake, Gregory akakimbilia machimbo ya Chunya na namba yake haipatikani. Nakala yake mwenyewe Mama Nelly aliifuta, kama kawaida yake, apate nafasi. Ile kazi ya kusafisha ilikuwa imebaki ndani ya programu iliyogoma.

Alijaribu njia ya mkato. Alikihamishia kile kipande ghafi kwenye flashi, akakipeleka studio ya barabara kuu ambako hakuwa amekanyaga tangu wagombanie harusi ya diwani. Walimpokea vizuri kwa sababu ya msiba. Wao walitumia programu ya aina nyingine. Wakaupandisha mwanga wote kwa mkupuo, na giza likageuka chenga. Kichwa cha mtu kilionekana kama kimefunikwa pumba. Mzee Ngassa, aliyefuatana naye, alisogea, akatazama sana, akarudi nyuma.

"Huyo anaweza kuwa yeyote," alisema. "Anaweza kuwa hata mimi."

Jioni wageni walilala hapo hapo kwa Mama Nelly. Asingewaacha waende gesti na nyumba ipo. Walipokuwa wanakula, Mzee Ngassa alieleza msimamo wa ukoo kwa adabu, bila ukali. Kijijini kwao kuna mtu aliwahi kuombolezewa, ndugu wakanyoa nywele, ng'ombe wakachinjwa, na baadaye akashuka kwenye basi na begi lake akakuta wajane wake wawili, mmoja ameshaolewa. Hawatarudia. Bila kumwona kwa macho, ukoo hautanyoa. Kesho wakikosa picha, kesho kutwa wanapanda basi, na jambo hili halitazungumzwa tena. Tena Nasibu asiulize wana alama gani wanayoitafuta, kwa sababu mtu mwenye huruma atakubali alama yoyote.

Mama Nelly alitazamia Zipora apinge. Hakupinga. Alisubiri mzee atoke nje, akasema huku anakusanya sahani ambazo hakuna aliyemwomba azikusanye.

"Mwanangu, kila jioni huwa nabakiza ugali kidogo kwenye chungu. Watu wanadhani ni wa mbwa. Nikinyoa naye yuko hai, nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu. Nisiponyoa naye yuko kule chini, basi yuko kule na hana mtu. Nimechoka kupika cha mtu ambaye sijui kama anakuja."

Mama Nelly, ambaye alikuwa na neno kwa kila mtu wa Katoro, alichukua sahani mkononi mwake na kwenda kuziosha.

Kesho yake Deusdedit aliingia mapema, na Mama Nelly akafanya jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile: aliwatoa watu wote nje, akamfungia fundi mlango apate utulivu. Kibaraza kikajaa. Nasibu alikuja na wenzake wa duara, vijana wenye vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwenye nyusi, wakakaa chini ukutani. Wanawake walishika mchele wakachambua, na Zipora alipewa ungo kama wenzake, kwa sababu mgeni mwenye huzuni hapewi nafasi ya kukaa bure.

Agnetha, asiyeweza kuacha jambo likae lenyewe, akamuuliza walimpataje Nasibu katika mji wenye watu wengi hivi, na ujumbe ulikuja bila jina.

"Tulihangaika," Zipora alisema, vidole vikiendelea kutoa mawe. "Tuliposhuka stendi niliuliza Masalu Jilala. Nikaenda kwenye makarasha, Masalu Jilala. Nikaenda wanakooshea mchanga. Kila mtu hamjui. Wengine waliniuliza nimetumwa na nani. Nikaanza kufikiri labda hajawahi kukanyaga huku. Mpaka mama mmoja muuza uji akaniambia, bibi, huku hakuna mtu anayeitwa jina lake. Uliza kijiji. Nikauliza kijiji, nikaletwa kwa huyu." Alimwonyesha Nasibu kwa kidevu. "Hawakunidanganya. Nilikuwa naita jina ambalo huku hakulitumia."

Vijana wa duara walitazamana. Ni kweli. Hata wao waliokula chungu kimoja hawakujuana majina ya nyumbani. Mtu akifika machimboni anavua jina kama anavyovua viatu vya safari. Anaweza kuwa Davis, anaweza kuwa Tajiri, anaweza kuitwa kwa jina la mji aliotoka. Hakuna anayeuliza. Agnetha alianza kutaja watu waliozikwa pale na msalaba ukaandikwa jina la utani, lakini alipomtafuta Mama Nelly kwa macho ili amsaidie kukumbuka, alikuta ungo wake uko chini, mwenyewe hayupo.

Alikuwa ameshaingia ndani. Deusdedit alikuwa ameinamia kompyuta iliyofunuliwa ubavu, shati limemganda mgongoni.

"Deus," alisema, "hiyo kadi, nani alikuambia inaitwa hivyo?"

"Boksi."

"Na boksi liliandikwa na nani?"

Deusdedit aliinua uso. Akataka kusema kwamba boksi linaandikwa kiwandani, Mama Nelly aliona maneno yakifika mdomoni na kurudi. Alikaa kitini pole pole. Akauliza kadi ilinunuliwa wapi. Mama Nelly akasema kwa mfanyabiashara mmoja aliyepita na begi, anayetembeza vifaa, akaiweka mwenyewe na sidii yake, ikafanya kazi vizuri mpaka juma lililopita. Aliisifu kuwa ni mpya, na aliiuza kwa bei ya huruma.

Fundi alivuta kibodi. Alifungua ukurasa wa vifaa kwenye kompyuta, akaingia ndani zaidi, mahali ambapo Mama Nelly hakuwahi kufika, penye safu ya tarakimu na herufi zisizosomeka. Kila kifaa, alieleza, kinatoka kiwandani na namba yake. Stika inabanduliwa, boksi linachapishwa mtaani, lakini namba ile inakaa ndani ya kadi yenyewe. Aliichukua, akaitafuta mtandaoni. Wote wawili walisoma jibu. Lilikuwa jina lingine kabisa, la kadi ya zamani, iliyoitangulia kwa miaka mingi ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Akazima kompyuta, akaichomoa kadi. Aliifuta vumbi jekundu, akakwangua stika kwa ukucha, na chini yake kulikuwa na gundi ya stika nyingine iliyobanduliwa zamani. Sidii ya yule mchuuzi ndiyo iliyokuwa ikiidanganya Windows ya mwanzo, ikiipa kadi jina la bandia na kuitetea. Windows mpya ilipoingia ilifagia uongo ule, na tangu hapo kila walipoita jina la kwenye boksi, kompyuta ilikuwa inawajibu kweli: huyo hayupo.

"Na mimi nilikuwa nasoma boksi," Deusdedit alisema, akiigeuza kadi kiganjani kabla ya kuirudisha. "Siku nzima nasoma boksi."

Mama Nelly alitoka mlangoni na kutangaza kwamba anahitaji bando. Draiva ya kadi ile ya zamani ni kubwa na mtandao unasuasua. Hakueleza zaidi, na kwa Agnetha hilo lilikuwa gumu, akamvuta pembeni mpaka akaambiwa. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Katoro hii hii," alisema, "ambapo mtu hanunui punje ya dhahabu mpaka aichome na kuipima mbele ya macho yake. Wewe ukanunua boksi."

"Nilinunua, dada. Washa hotspoti."

Akawasha. Ya Agnetha ilipoisha akawasha Nasibu, ya Nasibu ilipoisha wakawasha vijana wa duara, mmoja mmoja wakija na simu zao zenye vioo vilivyopasuka na kuziweka juu ya dirisha karibu na kompyuta, kama watu wanaoleta rambirambi. Zipora aliwatazama. Aliuliza wanafanya nini. Alipoambiwa wanaitafutia mashine jina lake la kweli, hakucheka. Alisema waitafutie.

Mchana ulikuwa umesimama, kelele za soko zimepungua, Deusdedit alipoweka draiva. Safari hii haikukataa. Kioo kilizima. Watu waliokuwa wamejazana mlangoni waliacha kutafuna. Kiliporudi, herufi zilikuwa ndogo na safi, na nyuso za maharusi kwenye picha ya mbele zikawa nyuso za watu. Mama Nelly alikalia kiti chake, akafungua programu. Ilichelewa, ikafikiri, ikafunguka, na kazi zake zote zikajipanga pale kama hakuna kilichotokea. Deusdedit alishika ukuta kwa kiganja. Hakuna aliyepiga vigelegele, ingawa siku nyingine wangepiga.

Akaitafuta harusi ya Gregory. Alipofika mahali pa giza, alisimamisha, akageuka kumwita Zipora.

Zipora alikuwa ameshageukia ukuta. Kitenge chake alikivuta mpaka kwenye paji la uso.

"Shemeji," alisema, "tazama wewe kwanza."

Mzee Ngassa alikuja mbele na fimbo yake. Aliinama mpaka pumzi yake ikagusa kioo. Mama Nelly akaachia picha iende. Giza lilikuwa limefunguka, rangi yake kama ya alfajiri kabla jua halijatoka. Viti vilionekana, vitambaa vya meza, mabega ya watu. Katikati alisimama kijana mrefu ndani ya koti la kuazima lililombana mikononi, kichwa wazi, mkono umeinuliwa kuwatuliza watu. Kaeni, jamani, kaeni. Aliposema habari za spika iliyokufa aligeuka kuielekeza, na mwanga wa simu ya mtu ukamlamba ubavu wa kushoto wa kichwa.

"Hapo," alisema Mzee Ngassa.

Mama Nelly akasimamisha. Mzee alipeleka kidole taratibu, akagusa kioo kwenye sikio la yule kijana. Sehemu ya juu ya sikio haikuwepo. Ilikuwa imekatika kama jani lililoliwa na panzi.

Kisha akavua kofia yake ya pama, akaishika kifuani kwa mkono wenye fimbo.

"Ng'wana Jilala," alisema. Mtoto wa Jilala. Akageuka. "Mama Masalu, njoo umwone mwanao. Ameota ndevu."

Zipora alikuja. Watu walimpisha, na njia aliyopewa ilikuwa pana kuliko alivyohitaji. Alikaa kwenye kiti cha Mama Nelly mwenyewe, ambacho hakuwahi kukiachia mtu. Alitazama bila kulia. Alisema, kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, kwamba lile sikio ni pembe ya ng'ombe, alikuwa mdogo anasaidia kufunga ndama, na damu ilikuwa nyingi kuliko kidonda. Watoto wenzake walimcheka. Tangu hapo alipenda kofia.

Nasibu, ukutani, alijishika kichwa. Miaka yote walimtania kwamba kofia ile inaficha upara, na hata siku ya harusi hawakulitazama sikio. Alichuchumaa, na mmoja wa vijana akamwekea mkono begani.

"Nyie ndio mlikuwa naye," Zipora alisema, akiwatazama wale vijana kwa mara ya kwanza mmoja baada ya mwingine. "Mimi nina Masalu mdogo tu. Huyo mkubwa ni wenu. Niambieni habari zake."

Walisita. Kisha mmoja akaanza kwa shida, akasema Davis alikuwa hali samaki. Akajisahihisha, akasema Masalu. Mwingine akasema alikuwa mwoga wa nyuki lakini si wa kamba iliyochakaa. Nasibu alisema siku duara lilipoguna mara ya kwanza, yeye ndiye aliyewasukuma wengine wapande mbele yake. Alilisema hilo haraka, kama kitu cha moto, na Mzee Ngassa akaitika kwa kichwa mara nyingi. Kibarazani Agnetha alikuwa amefunika cherehani kwa kitambaa. Mtu alikuwa ameshatandika mkeka sebuleni, na kuni zilikuwa zinaingizwa uani bila mtu kuagiza. Mzee Ngassa alisema watapanda basi asubuhi wakawaambie watu wa nyumbani wanoe nyembe. Lakini usiku huu, kama mwenye nyumba ataruhusu, wakae hapa, karibu naye.

Mama Nelly alisema nyumba ni yao.

Zipora alikuwa bado mbele ya kioo. Aliomba asikie mara moja zaidi yale maneno ya mwisho. Mama Nelly akayarudisha, na kijana katika koti la kuazima akasema tena kwamba nyumbani kwao yuko mama anaimba, na umeme ukatike tu.

Wakati sauti ile inaisha, nyingine ilianza, ndogo, imekauka kwa kutotumika. Mwanzo watu hawakujua inatoka wapi. Zipora alikuwa anaimba. Haukuwa wimbo wa harusi, na Agnetha, aliyeyajua maneno, alisema baadaye haukuwa wa msiba pia. Ni ule wanaoimba wanawake wa kwao wakipura mtama, na watoto hulala nao mgongoni. Sauti ilikwama, ikaendelea, ikapata njia yake. Mzee Ngassa akaipokea kutoka mlangoni kwa sauti nzito, na vijana wa Kisukuma waliokuwa ukutani wakaifuata mmoja baada ya mwingine, vichwa vimeinama, kila mmoja ameukumbuka mgongo wa mama yake.

Kwa mazoea, mkono wa Mama Nelly ulikwenda kwenye kamera iliyokuwa rafuni. Uliishika. Akaiacha pale pale ilipokuwa, akashuka kukaa mkekani na wenzake.